Upepo wa baharini kwa visiwa vya ng'ambo vya Marekani: turbini ya kusimama, ya kuelea, au kubaki nchi kavu?

Agosti 2022 Marekani ilirekebisha sheria yake ya mwaka 1953 inayosimamia sakafu ya bahari nje ya pwani. Kwa mara ya kwanza serikali ya shirikisho ikapata ruhusa ya kukodisha vitalu vya upepo kwenye bahari ya Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Kabla ya hapo sheria ilihesabu majimbo tu, visiwa vikabaki nje. Januari 2025 rais akafunga tena ukodishaji mpya wa vitalu vya upepo katika bahari yote ya shirikisho. Mlango umefungwa kwa sasa, lakini hesabu ya nini kinafaa kisiwa gani iko palepale, na inafanyika vizuri zaidi wakati hakuna kampuni inayogonga meza ikitaka saini.

Hizi hapa njia nne kwa ufupi, kisha maelezo yanafuata. MW ni megawati, kipimo cha nguvu ya umeme; gridi ni mtandao wa umeme wa kisiwa.

| Njia | Kina cha maji | Gridi inayoifaa | Kigumu kupatikana | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Turbini ya baharini ya kusimama | hadi mita 60 hivi | mamia ya MW na zaidi | meli ya kusimika | msingi usiposhika, kebo |
| Turbini ya baharini ya kuelea | kuanzia mita 60 hivi | mamia ya MW na zaidi | gati pana lenye kina | kebo inayoning'inia |
| Turbini ndogo ya kulazwa (mnara hulazwa kimbunga kikija), nchi kavu | – | MW 1 hadi 30 | eneo lenye upepo na barabara | vipuri |
| Jua na betri | – | yoyote | ardhi au mapaa imara | paneli zisizofungwa vizuri |

Anza na gridi, upepo baadaye

Wengi huanza na ramani ya upepo. Sisi tunashauri swali hili litangulie: mtambo huu ukikatika ghafla saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, gridi itasimama au itaanguka yote?

Puerto Rico hutumia karibu MW 3,000 saa za matumizi makubwa. Guam ni kama MW 250. Samoa ya Marekani haifiki MW 30. Visiwa vya Virgin vina gridi mbili zisizoungana, ya St. Thomas na St. John upande mmoja na ya St. Croix upande mwingine, kwa sababu kati yao kuna shimo la bahari lenye kina cha zaidi ya mita 4,000. Kila moja hutumia makumi tu ya MW.

Sasa weka turbini ya baharini ya siku hizi, MW 15 kwa moja. Mbili tu zinazidi mahitaji ya Tutuila nzima, kisiwa kikuu cha Samoa ya Marekani. Upepo ukizidi, zinazima kwa pamoja, na nusu ya kisiwa au zaidi inaingia gizani kabla jenereta ya dizeli haijashika mzigo. Shamba la MW 150 kwa Guam likipitia kebo moja ni asilimia 60 ya mahitaji yote yanayoning'inia kwenye waya mmoja. Puerto Rico ni habari nyingine. Mitambo mikubwa ya mafuta ya Aguirre ina MW 450 kila mmoja, kwa hiyo shamba la MW 300 likikatika ni mshtuko ambao waendeshaji wa gridi ile tayari wanaujua.

Mtu atauliza, mbona Block Island ni kisiwa kidogo na kina turbini tano za MW 6 tangu 2016? Kile kisiwa hutumia MW chache tu. Umeme uliobaki unakwenda bara, Rhode Island, kwa kebo ya chini ya bahari, na upepo ukilala umeme unarudi kwa kebo hiyohiyo. Ondoa ile kebo, mradi hauna maana. Guam haina bara la kuuzia umeme.

Hapa ndipo visiwa vidogo vinapobanwa pande mbili. Meli ya kusimika turbini hukodishwa kwa siku, kwa fedha nyingi sana, na safari ya kuvuka bahari ni ileile ukienda kusimika turbini 5 au 50. Shamba dogo linakuwa ghali kwa kila kilowati. Shamba kubwa gridi hailimezi. Kati ya maeneo yale matano, ni Puerto Rico pekee inayopita kwenye mwanya huo.

Mstari wa sheria na mstari wa kina havilingani

Jambo hili huwapita hata wanaofuatilia sekta kwa karibu. Puerto Rico inamiliki bahari yake hadi maili 9 za baharini kutoka ufukweni, karibu kilomita 17. Maeneo mengine manne yanamiliki maili 3, kama kilomita 5 na nusu. Sheria ya 2022 inahusu maji yaliyo nje ya mistari hiyo.

Visiwa hivi ni vilele vya milima iliyosimama baharini, mteremko wake mkali. Kaskazini ya Puerto Rico kuna handaki la bahari linalopita mita 8,000. Kusini nako, ukivuka maili 9, sehemu nyingi chini yako ni mamia ya mita au zaidi. Guam iko jirani na handaki la Mariana. Kwa hiyo sheria ilifungua hasa maji ya turbini zinazoelea. Maji ya turbini za kusimama, Puerto Rico ilikuwa nayo mkononi tangu kabla ya sheria hiyo, na yako chini ya serikali yake yenyewe, ingawa vibali vya shirikisho vya ujenzi majini bado vinahitajika.

Upande mmoja tu unatoka nje ya kanuni hii: mashariki ya Puerto Rico, kati ya Fajardo, Culebra, Vieques na kuendelea hadi St. Thomas. Huko sakafu ni pana na kina ni makumi ya mita. Kwenye ramani panapendeza. Lakini jeshi la majini la Marekani lilifanya mazoezi ya mabomu Culebra hadi 1975 na Vieques hadi 2003, na mabomu yasiyolipuka bado yako chini. Kabla ya kuchoronga shimo moja au kufukia mita moja ya kebo, njia nzima hupitiwa kwa sona na kipima sumaku, kila kitu kinachotia shaka kikakaguliwa na wapiga mbizi au roboti. Bajeti isiyo na kipengele hicho, irudishwe kwa aliyeiandika.

Turbini ya kusimama: shida ni mchanga

Nguzo moja ya chuma ndiyo njia ya kawaida duniani. Kwa turbini ya MW 15 nguzo hiyo ina kipenyo cha mita 10 hivi na uzito wa karibu tani 2,000, inapigiliwa kwa nyundo hadi ishike. Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, ambako mbinu hii ilikomaa, ina mchanga wa mawe na udongo mgumu. Sakafu ya bahari ya visiwa vya joto mara nyingi ni mchanga wa chokaa, yaani makombe na matumbawe yaliyosagika. Ukiuchukua kiganjani na kuubana, chembe zake zinavunjika, maana zina uwazi ndani. Nguzo ikipigiliwa humo, ukuta wa mchanga unasagika na kuachana na chuma, msuguano unapotea, na nguzo huweza kuteleza chini kwa uzito wake wenyewe. Wachimbaji wa gesi walikutana na hili kwenye jukwaa la North Rankin huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na marekebisho yake yaliwagharimu sana.

Dawa inajulikana: kuchoronga shimo kwanza, kushusha nguzo, kisha kujaza zege jepesi pembeni. Inafanya kazi, ila inachukua muda mrefu zaidi kuliko kupigilia, na muda wa meli ni fedha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia hii, kila sehemu ya turbini ichorongwe sampuli yake. Shimo moja kwa kitalu kizima halitoshi, kwa sababu tabaka la mwamba na la mchanga hupishana ndani ya mita mia chache.

Upande wa meli kuna Sheria ya Jones ya 1920. Mizigo kati ya bandari mbili za Marekani (msingi uliokwishasimikwa baharini nao huhesabiwa kama bandari) ibebwe na meli iliyojengwa Marekani. Meli kubwa ya kusimika turbini iliyojengwa Marekani ni moja, Charybdis. Block Island walitumia meli ya kigeni iliyosimama kwa miguu yake bila kubeba mizigo kutoka bandari za Marekani, huku vyombo vya Kimarekani vikipeleka vipande vilivyotoka huko. Puerto Rico iko ndani ya sheria hiyo. Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini vimesamehewa. Ni faida ya kweli, na inasikitisha kwamba imeangukia visiwa ambavyo gridi zake haziwezi kuitumia.

Kimbunga

Kimbunga Maria kilipotua Yabucoa, Puerto Rico, tarehe 20 Septemba 2017 kilikuwa na upepo wa takriban mita 69 kwa sekunde, kipimo cha dakika moja. Viwango vya turbini hupimwa kwa wastani wa dakika 10, na kwa kipimo hicho upepo ule ni kama mita 62. Turbini ya daraja la kwanza imejengwa kuhimili mita 50. Daraja la vimbunga, lililoingizwa kwenye kiwango cha kimataifa mwaka 2019, linahimili mita 57. Nguvu ya upepo kwenye mapanga hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mita 62 zinasukuma asilimia 18 zaidi ya ahadi ya daraja la vimbunga, na asilimia 54 zaidi ya daraja la kwanza. Muuzaji akisema "turbini yetu ni ya vimbunga", mwulize ni mita ngapi, wastani wa dakika ngapi, na kwa urefu gani kutoka majini.

Puerto Rico yenyewe ina ushahidi wa nchi kavu. Shamba la Punta Lima, Naguabo, karibu kabisa na njia ya jicho la kimbunga, lilivunjwa mapanga na kubaki limezimwa kwa miaka. Shamba la Santa Isabel upande wa kusini, lenye turbini 44, lilipona kwa sehemu kubwa. Wengine wametumia tofauti hiyo kusifu aina moja ya turbini na kuponda nyingine. Si haki. Mashamba yale mawili hayakupigwa na upepo uleule.

Kinachovunja turbini mara nyingi ni kukatika kwa umeme kabla upepo haujafika kileleni. Upepo ukipita mita 25 kwa sekunde turbini hujizima na kugeuza mapanga yake kama kisu, upande mwembamba ukielekea upepo. Ili ibaki salama lazima kichwa cha turbini, kilichoshika mapanga, kiendelee kuzunguka kuufuata upepo, na injini za kukizungusha zinataka umeme. Gridi ya kisiwa huanguka mapema. Jicho likipita, upepo unageuka na kutokea upande wa pili, turbini imetazama kulekule, mapanga yanapigwa ubavuni. Kwenye kisiwa cha Miyakojima, Japani, mwaka 2003, kimbunga Maemi kiliangusha turbini, na kukosa umeme wa kugeuza kichwa kulitajwa miongoni mwa sababu.

Kiwango cha kimataifa kinasema turbini isiyo na umeme wake wa akiba wa angalau saa 6 za kugeuza kichwa, basi isanifiwe kana kwamba upepo waweza kuipiga kutoka upande wowote. Katika mkataba wa kisiwa, saa 6 ni kidogo. Sisi tungedai 24, betri ndani ya kila mnara, na jaribio la kila mwaka mwezi Mei, kabla msimu wa vimbunga vya Atlantiki haujaanza Juni.

Kuna mvutano mwingine unaofichwa. Upepo wa Karibi unaovuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima ni mtulivu, mita 7 hadi 8 kwa sekunde sehemu nzuri. Bahari ya Kaskazini ni 9 hadi 10. Nguvu ya kuzalisha hukua kwa mchemraba wa kasi, hivyo mita 7.5 zina karibu nusu tu ya nguvu ya mita 9.5. Ili kufidia unataka mapanga marefu zaidi. Mapanga marefu ndiyo yanayoumia zaidi kimbungani. Hakuna kiwanda kinachoweza kukupa vyote viwili bila chuma na nyuzi zaidi, yaani bei zaidi.

Turbini inayoelea

Faida yake kubwa kwa kisiwa ni kwamba inaunganishwa gatini na kuvutwa hadi mahali pake, bila meli ya kusimama kwa miguu. Pia haijali mchanga wa chokaa kwa kiwango kilekile, ingawa nanga bado zinataka kushika.

Umbo ndilo la kuchagua kwa makini. Boya refu la wima, kama la Hywind Scotland (turbini tano za MW 6, mwaka 2017), linazama mita 78 majini na liliunganishwa kwenye fiodi za Norwei, yaani ghuba nyembamba kati ya milima, zenye maji tulivu na kina kirefu. Karibi haina fiodi. Jukwaa la miguu mitatu, kama la WindFloat Atlantic ya Ureno (MW 25, mwaka 2020), linaelea kwenye kina cha mita 10 hivi gatini, na ndilo linaloweza kufikiriwa Puerto Rico, huko Ponce, au Ceiba kwenye kituo cha zamani cha jeshi la majini.

Lakini kila kilichokwisha kujengwa kipo kwenye maji mafupi kuliko ya Puerto Rico. Hywind Tampen ya Norwei, MW 88, imefungwa kwenye mita 260 hadi 300. Ukishuka mita elfu moja, mnyororo wa chuma unakuwa mzito mno kwa jukwaa, inabidi kamba za poliesta sehemu ya kati, na nanga zinatawanyika eneo kubwa ambalo wavuvi hawatavua tena kwa nyavu. Kebo inayoning'inia kati ya jukwaa na sakafu hupinda kwa kila wimbi, na kwenye maji ya joto chaza na magugu humea juu yake haraka, wakiongeza uzito na mzuio wa mkondo. Isafishwe na kupimwa kwa ratiba, la sivyo itachoka pale inapotoka kwenye jukwaa.

Matengenezo makubwa ni kuivuta turbini hadi gatini. Turbini ya shamba la Kincardine, Uskoti, ilivutwa hadi Rotterdam mwaka 2022, na turbini zote tano za Hywind Scotland zikavutwa Norwei mwaka 2024. Uskoti ina majirani wenye gati na kreni. Guam ikivuta turbini yake, itaivuta wapi?

Kebo

Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa. Kebo ya kutoka bara ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Kebo mpya ya MW 100 ilizinduliwa 2013, ile ya zamani ya MW 45 ikabaki kando yake. Ndiyo hesabu sahihi: mbili, hata kama moja ni ndogo.

Block Island nako kebo ilionekana tena ufukweni baada ya miaka michache kwa sababu haikufukiwa vya kutosha, ikabidi ichorongewe njia mpya chini zaidi. Kwenye visiwa vya matumbawe usifukie kwa mtaro kabisa. Choronga kwa ulalo kuanzia nchi kavu, pita chini ya mwamba wa matumbawe, utokee kwenye mchanga upande wa nje.

Puerto Rico angalia pia kebo inatua wapi. Mitambo mingi mikubwa iko kusini, walaji wengi wako San Juan kaskazini, na nyaya kuu zinavuka milima ambayo Maria aliiangusha minara yake. Tetemeko la Januari 2020, la kipimo cha 6.4, liliharibu kituo cha umeme cha Costa Sur hukohuko kusini. Ukiutua umeme wa upepo kusini umeongeza mzigo kwenye udhaifu uleule. Kuutua Ceiba au Fajardo ni bora, hata kama upimaji wa mabomu unaongeza gharama.

Nchi kavu

Kwa gridi ndogo, turbini ya kW 275 (MW moja ni kW 1,000) yenye mapanga mawili na mnara ulioshikwa na nyaya imetumika Guadeloupe na Kaledonia Mpya. Kimbunga kikikaribia, mafundi wachache wanaulaza mnara chini kwa winchi na kuufunga. Guam iliweka moja ya ukubwa huo Cotal. MW 10 zinataka turbini 37, zote zilazwe ndani ya tahadhari ya siku mbili, kwa hiyo hesabu timu na winchi kabla ya kuhesabu turbini.

Jua na betri ndicho kipimo ambacho kila mradi wa upepo lazima ukishinde. Kisiwa cha Ta'ū, Samoa ya Marekani, tangu 2016 kina MW 1.4 za jua na MWh 6 za betri (sawa na MW 6 kwa saa moja) kwa wakazi mia chache waliokuwa wakingoja meli ya dizeli. Puerto Rico nyumba zaidi ya 100,000 zimefunga za kwao baada ya Maria, bila kusubiri mtu. Udhaifu wake ni usiku mrefu wa mvua na ardhi, na hapo ndipo upepo wa baharini unapopata nafasi yake.

Chaguo letu kwa kila kisiwa

Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini: jua, betri, na turbini za kulazwa pale penye upepo. Upepo wa baharini uachwe.

Visiwa vya Virgin: vivyo hivyo St. Croix. St. Thomas isubiri, Puerto Rico ikijenga kwenye maji ya mashariki, kebo ya kuungana nayo itakuwa na thamani kuliko turbini zake yenyewe.

Guam: usizidishe MW 50 za upepo kwenye kebo moja, na usisaini turbini ya kuelea hadi kiwanda kionyeshe gati la matengenezo kwa jina, ndani ya mkataba.

Puerto Rico: anza na turbini za kusimama ndani ya maili zake 9, upande wa mashariki, MW 200 hadi 300, kebo mbili. Za kuelea zipimwe kwa turbini moja au mbili kusini kabla ya kitalu kukodishwa. Na mkataba wowote wa kuuziana umeme uwe na haya kabla ya bei: umeme wa akiba wa saa 24 ndani ya mnara, mapanga matatu ya akiba kisiwani, vifaa vya kuunga kebo pamoja na fundi aliyefunzwa kuvitumia, na kipande cha kebo cha kutosha kurukia sehemu yenye kina kikubwa zaidi, kikiwa kimeviringishwa gatini Ceiba kabla ya turbini ya kwanza kuwashwa.